Kinda wa Tatu: Kulastara wa London na Heroe wa Natron

Jumamosi moja mwanzoni mwa Machi, wanachama saba tulikutana nje ya stesheni ya Tottenham Hale. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mmoja wetu alivaa glavu mbili mbili. Tulifuata barabara ya Ferry Lane kwa dakika chache hadi Walthamstow Wetlands, eneo la hekta 211 lenye mabwawa kumi ambayo kazi yake ya kwanza ni kuwapatia watu wa London maji ya bomba. Eneo hili lilifunguliwa kwa umma Oktoba 2017, na kuingia ni bure, jambo ambalo kwa mfuko wa mwanafunzi ni habari njema.

Kanuni ya matembezi yetu mnaijua: Kiswahili tu mpaka turudi stesheni. Kanuni hiyo ilitutia mashakani kabla hata hatujafika bwawa la pili. Juu ya miti isiyo na majani, katika kisiwa kilicho katikati ya maji, tuliona viota vikubwa vya vijiti, na juu ya kila kimoja ndege mrefu wa kijivu. Anaitwaje? Mwenzetu ambaye mama yake ni mtu wa Tanga alisema ni korongo. Yule wa Mombasa akasema kwao ndege wa namna hii ni yangeyange. Tukafungua kamusi kwenye simu, ikatupa neno ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia nyumbani: kulastara. Baadaye tulipoona ndege mweupe mwembamba akitua kwenye mti uleule, mwenzetu wa Mombasa alishangilia. Huyo mweupe ni jamaa wa karibu wa yangeyange anayefuata ng'ombe kule pwani. Basi kila mtu alipata haki yake, na safari ikaendelea.

Mzee mmoja aliyekuwa amesimamisha darubini yake ya miguu mitatu kando ya njia alituruhusu kuchungulia. Tuliona jicho la manjano, ushungi mweusi, na mama (au baba, kwa maana wote wawili huatamia) ametulia juu ya mayai. Tukamwuliza mzee: yakiwa mayai manne, wataruka ndege wanne? Akacheka. Alisema yeye akiona wawili wanaruka, anahesabu kwamba mwaka ule ulikuwa mzuri.

Jibu hilo ndilo lililozaa makala hii. Tulichagua kiota kimoja, tukakipa jina la chumba cha darasa letu, na tukaahidiana kukirudia. Katikati tulisoma kila tulichoweza kukipata juu ya ndege wa majini wenye miguu mirefu wanaozaliana kwa makundi. Tulitaka kujua nini hasa huamua kinda yupi ataishi.

Chakula, na nani aliyetangulia

Kulastara wa kijivu hutaga mayai matatu hadi matano, na huanza mapema, mara nyingi Februari, wakati sisi bado tunagombania nafasi karibu na hita za maktaba. Mayai huatamiwa kwa siku 25 au 26 hivi. Lakini mzazi hasubiri mayai yote yatimie ndipo aanze kuatamia. Huanza yai la kwanza au la pili linapotoka. Matokeo yake ni kwamba makinda hawaanguliwi siku moja. Wa kwanza anaweza kuwa na umri wa siku kadhaa na tumbo lililojaa wakati wa mwisho ndiyo kwanza anapasua ganda.

Kwa binadamu hilo linasikika kama uonevu. Kwa ndege ni hesabu. Mzazi hajui mwezi wa Februari kama Aprili italeta samaki wengi au wachache. Hivyo hutaga zaidi ya uwezo wake wa kawaida. Chakula kikiwa kingi, wote hula, hata mdogo. Kikiwa haba, wakubwa hunyakua kila kinacholetwa, mdogo hudhoofika, na mwishoni hufa, lakini wale wakubwa huokoka. Kama wote wangekuwa sawa kwa umri na nguvu, njaa ingeweza kuwagawana na kuwamaliza wote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni chakula: samaki, mikunga, vyura, panya wa mashambani, hata vifaranga vya bata. Si wingi wake tu, bali pia umbali wake. Mzazi anayeruka kilomita nyingi kutafuta mlo hurudi mara chache. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na kulastara mzima ambaye husimama kama mlingoti nusu saa akingoja samaki hajawahi kuusikia msemo huo. Lakini kinda wake anaufahamu vizuri.

Baridi kali

Jambo la pili ni hali ya hewa. Hapa Uingereza ina hazina ya pekee: kulastara wamehesabiwa kila mwaka tangu 1928. Kazi hiyo, ambayo sasa inasimamiwa na shirika la British Trust for Ornithology, hutegemea watu wa kujitolea wanaokwenda kwenye miti ileile kila majira ya kuchipua na kuhesabu viota. Inasemwa kuwa hakuna ndege mwingine duniani ambaye viota vyake vimehesabiwa kwa muda mrefu namna hiyo.

Hesabu hizo zinaonyesha wazi makovu ya baridi. Majira ya 1962 hadi 1963 yalikuwa ya baridi kuliko yote ya karne ya 20 hapa Uingereza. Mito na mabwawa yaliganda kwa wiki nyingi, na ndege anayekula kwa kuchoma mdomo majini hawezi kula barafu. Idadi ya viota ilishuka vibaya, na ilichukua miaka kadhaa kurudi ilipokuwa. Wakati huohuo kulikuwa na adui mwingine asiyeonekana. Dawa za kuua wadudu kama DDT zilitiririka kutoka mashambani, zikaingia kwenye samaki, na kutoka kwenye samaki zikaingia kwenye ndege. Magamba ya mayai yakawa membamba, mengine yakavunjika chini ya mzazi aliyeyaatamia. Mzazi alifanya kila kitu sawasawa, na bado kiota kikabaki kitupu.

Kwa nini wakae pamoja?

Swali la tatu lilitusumbua zaidi. Kulastara akiwinda ni mchoyo. Hataki mwenzake karibu. Basi kwa nini wakati wa kulea wanajazana kwenye mti mmoja, kelele, harufu na ugomvi wa kuibiana vijiti?

Faida zipo. Macho mengi humwona kunguru au mwewe mapema. Wakitaga kwa wakati mmoja, adui atashiba kabla hajamaliza makinda wote, na kila mzazi ana matumaini kwamba bahati mbaya itampata jirani. Tena, anayerudi na shibe huwaonyesha wengine upande wenye samaki. Na miti inayofaa ni michache. Wakiupata mmoja ulio salama, huung'ang'ania kizazi baada ya kizazi.

Salama kwa maana gani? Tazameni mahali kulastara wa London walipochagua. Walthamstow wako visiwani, katikati ya mabwawa yaliyochimbwa na wahandisi wa karne ya 19. Katika bustani ya Regent's Park, mwendo mfupi tu kutoka kwenye kumbi zetu za mihadhara, wako kwenye visiwa vya ziwa la mashua, na wamezaliana hapo tangu mwaka 1968. Mbweha wa London, ambao sote tumewaona wakipekua mapipa ya taka usiku wa manane, hawafiki kwa urahisi, wala mbwa na watoto wenye mipira. Maji ndiyo ukuta wao. Shikeni neno hilo, maana tutalihitaji tukifika Tanzania.

Hasara nazo zipo. Kupe na viroboto hupita kutoka kiota hadi kiota, na ugonjwa ukiingia unakuta nyumba zimepakana. Na likija jambo moja kubwa, kama mti kukatwa au wazazi kutishwa siku ya baridi wakaacha mayai wazi, halipotezi familia moja bali kijiji kizima.

Binadamu wameujua udhaifu huo tangu zamani, na mji wetu una aibu yake. Yangeyange na jamaa zake huota manyoya marefu laini wakati wa kuzaliana. Mwishoni mwa karne ya 19 manyoya hayo yalikuwa fahari ya kofia za mabibi, na minada yake mikubwa ilifanyika hapa London, mtaa wa Mincing Lane. Kwa kuwa manyoya huwa mazuri zaidi majira ya viota, wawindaji walikwenda palepale kwenye makundi ya viota. Walimwua mzazi, na makinda wakafa njaa mtini. Ndege mmoja kwenye mzani wa mnada alikuwa na vifo vingine vitatu au vinne ambavyo havikuandikwa popote. Wanawake wa Manchester na wa Croydon ndio walioanzisha upinzani mwaka 1889, na kutokana nao likazaliwa shirika la RSPB. Sheria ya kuzuia manyoya hayo kuingizwa nchini ilipita mwaka 1921. Yule ndege mweupe aliyemfurahisha mwenzetu wa Mombasa alianza kuzaliana Uingereza mwaka 1996 tu, katika kisiwa cha Brownsea huko Dorset. Leo yuko Walthamstow, umbali wa tiketi moja ya treni kutoka Mincing Lane.

Nyumbani: ziwa moja

Tulipokuwa tukisoma hayo, mwenzetu mwenye jamaa Arusha aliuliza: na heroe je?

Heroe mdogo, yule wa rangi ya waridi ambaye picha zake zimejaa kwenye kalenda za Nakuru, ni ndege wa majini mwenye miguu mirefu pia, na hulea kwa makundi makubwa kuliko ya kulastara maelfu ya mara. Lakini ingawa anaonekana Nakuru, Bogoria, Manyara na kwingineko, Afrika Mashariki yote anategemea chumba kimoja cha uzazi: Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, chini ya mlima Oldoinyo Lengai. Sehemu nyingine za Afrika anakozaliana zinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, zikiwamo Etosha huko Namibia, Sua Pan huko Botswana, na hapo awali pia kisiwa kilichojengwa na watu katika bwawa la Kamfers huko Afrika Kusini.

Natron si mahali pa kupeleka mtoto. Maji yake ni ya magadi, makali kiasi cha kuunguza ngozi. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa wa kilimo wa Kenya aliyependa ndege, aliviona viota kutoka angani, kisha akajaribu kuvifikia kwa miguu. Matope ya magadi yalimchubua miguu hata akalazwa hospitali kwa majuma mengi. Lakini ukali huohuo ndio ukuta. Fisi na bweha hawapiti kwa urahisi. Heroe hujenga vichuguu vidogo vya matope, hutaga yai moja tu, na huliatamia kama siku 28. Makinda wakipata nguvu hukusanywa katika makundi ya maelfu, wakichungwa na wakubwa wachache kama watoto wa chekechea.

Yote hutegemea kina cha maji. Yakizidi, viota huzama. Yakipungua mno, ukuta huondoka na fisi huingia kwa miguu. Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya, na huko magadi yakaganda kwenye miguu ya makinda kama pingu. Watu wa kujitolea waliingia ziwani wakawavunjia pingu hizo, maelfu ya makinda wakaokoka. Na hata mwaka wa maji mazuri, marabu hutua katikati ya viota na kuzua hofu. Sehemu ya kundi inaweza kuacha mayai kabisa. Marabu ni yuleyule ambaye wenzetu wa Kampala wanamwita kalooli, na ambaye mjini kwao analea watoto wake kwenye miti ya barabarani kwa kutegemea majalala. Ndege huyo huanza kutaga kiangazi. Kila jamii ina kalenda yake, na kalenda hiyo huandikwa na chakula.

Hapa ndipo tulipoona tofauti kubwa kati ya Walthamstow na Natron. Kulastara wa Uingereza wana makundi ya viota mamia kwa mamia. Baridi ikiharibu bonde hili, bonde lile litasalia. Akiba haiozi. Heroe wetu hawana akiba. Wanayo subira tu. Huishi miongo kadhaa, hivyo wanaweza kukosa kuzaa mwaka huu na ujao wakasubiri mwaka mzuri. Lakini subira hiyo inatudanganya sisi watazamaji. Mtalii akisimama Nakuru ataona waridi tupu hadi upeo wa macho na kusema hali ni njema, kumbe anaowaona wote wanaweza kuwa wazee. Kuhesabu ndege wazima si sawa na kuhesabu makinda.

Ndiyo maana kelele zilikuwa kubwa mwaka 2006 na 2007, ulipokuja mpango wa kampuni ya Tata Chemicals pamoja na Shirika la Taifa la Maendeleo la Tanzania wa kujenga kiwanda cha magadi kando ya Natron. Kampuni hiyo ilijiondoa mwaka 2008. Tulipoisimulia habari hii kwa furaha kwenye kikao chetu, mwenzetu wa Arusha alituletea jibu la mjomba wake kwa simu: "Heroe hawalipi ada ya shule." Tulinyamaza kidogo. Mjomba ana haki ya kuuliza. Ni rahisi kulinda ziwa ukiwa London, ambako maji hutoka bombani na ndege huja yenyewe. Jibu letu, Mjomba, kama utalisoma, ni hili. Magadi yanapatikana mahali pengine, na watu wa Ngare Sero wanapata kipato kutokana na wageni. Lakini kipato hicho kikiwa haba, au kikiishia mikononi mwa wachache, hoja yako itabaki imesimama. Kumlinda heroe bila kumsikiliza jirani yake ni kujenga kichuguu kwenye njia ya mafuriko.

Na kiwanda si hatari pekee. Mwaka 2024 watafiti wa King's College London, chuo cha hapa hapa mjini, walichapisha katika jarida la Current Biology matokeo ya kuyatazama maziwa 22 ya Ethiopia, Kenya na Tanzania kwa picha za setilaiti za zaidi ya miaka 20. Mvua zimeongezeka, maziwa yamepanda, magadi yamezimuliwa, na mwani ambao ndio chakula cha heroe umepungua. Ziwa Nakuru lilikaribia kuongezeka eneo lake mara mbili kati ya 2009 na 2022, huku mwani wake ukipungua kwa nusu. Heroe wanalazimika kutafuta maziwa mapya, mengine yakiwa nje ya hifadhi. Turudie hesabu ya kulastara: chakula kikienda mbali, mzazi hurudi mara chache.

Kiota chetu

Tulirudi Walthamstow katikati ya Aprili. Vichwa vitatu vilichomoza, vimesimama nywele kama watu waliotoka usingizini. Wawili walikuwa wakubwa. Wa tatu alikuwa nusu yao. Mzazi alipotua, wale wawili waliushika mdomo wake kwa zamu, na wa tatu akapiga kelele nyuma yao. Mwenzetu mmoja, kitinda mimba wa familia ya watoto sita, alisema anamfahamu vizuri sana kinda yule. Tukacheka, lakini sote tulimwombea.

Tulirudi tena katikati ya Mei. Majani yalikuwa yamefunika nusu ya mti. Makinda wawili walikuwa wamesimama nje ya kiota kwenye tawi, wakipigapiga mabawa bila kuruka. Tulingoja saa nzima. Wa tatu hakuonekana.

Yule mzee mwenye darubini alikuwepo. Alituambia tusihuzunike: wawili ni mwaka mzuri. Tunajua sasa kwamba hesabu yake ni sahihi, na kwamba hata hao wawili wana kazi kubwa mbele yao, maana kulastara wengi hawavuki majira yao ya kwanza ya baridi. Hata hivyo tuliporudi stesheni hakuna aliyekumbuka kwamba kanuni ya Kiswahili imekwisha. Tulikuwa bado tunabishana, kwa Kiswahili, kama wa tatu aliangushwa na upepo au aliachwa na njaa.

Mwaka ujao tutachagua kiota kingine. Anayetaka kuja alete glavu, darubini kama anayo, na neno moja la ndege kutoka kwao ambalo halimo kwenye kamusi. Na aliye na ndugu karibu na Natron ampigie simu amwulize si heroe wangapi wapo, bali makinda wangapi wameonekana mwaka huu.